Folda ya Risiti za Umeme

Jua lilikuwa linazama mke wa Mtaalamu alipomtuma mumewe akaanue nguo za mama mkwe kambani. Akaenda huku amebetua midomo. Mtu mzima, mtaalamu wa kompyuta, kutumwa kuanua magauni ya kikongwe! Mtaalamu ndilo jina alilojipa mwenyewe. Utaalamu wake wote ulikuwa kuzima mashine za watu, kuziwasha tena, kisha kukunja uso kama daktari.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni mwa jikoni, anachambua mchele. Hakuinua macho. Midomo ilikuwa inamchezacheza.

"Kikongwe ondoka," alinong'ona. "Kikongwe ondoka... pamoja, bila nafasi."

Magauni yakamponyoka Mtaalamu.

Yale yalikuwa maneno yake ya siri.

Hakuna mtu aliyeyajua. Alipoyachagua alicheka peke yake chumbani, kwa sababu mtu wa namna hiyo hujichekesha mwenyewe. Ndiyo yaliyofunga folda ya kompyuta aliyoificha ndani ya folda nyingine iitwayo Risiti za Umeme, akijua hakuna binadamu anayefungua risiti za umeme kwa hiari yake. Mle ndani mlikuwa na video. Baba mkwe, mgonjwa, kitandani, akisema mbele ya simu kwamba nyumba hii ni ya mkewe na asihamishwe maadamu yu hai. Mzee alimwomba mkwe amrekodi kwa kuwa alimwamini, maskini. Mtaalamu ndiye aliyebaki naye jioni ya mwisho. Alipotoka aliwaambia ndugu kwamba mzee amelala usingizi wa milele kwa amani, na kwamba nyumba kamwachia yeye. Jumamosi hii kikongwe angehamishiwa chumba cha kupanga, ng'ambo ya mji, peke yake.

Kwa nini hakuifuta video? Watu kama yeye hawafuti. Wananogewa kuwa na kitu ambacho wengine hawakijui.

"Mama, nani kakwambia maneno hayo?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mzee wangu, baba. Husimama nyuma ya kiti chako ukiwa unaandika."

Alisema hivyo kama anayesema chumvi imekwisha. Kisha akaendelea na mchele wake.

Mtaalamu alijiambia bibi kachanganyikiwa. Hata hivyo alikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta, akabadilisha neno la siri. Safari hii aliweka jina la mbwa wa utotoni mwake, mbwa aliyekufa kabla hajamjua mkewe. Alipokuwa anabonyeza herufi ya mwisho, harufu ikampata.

Dawa ya kuchua. Ile ya chumba cha mgonjwa.

Hakugeuka. Aliyezoea kusema nyuma ya migongo ya watu aliogopa kutazama nyuma ya mgongo wake.

Mezani, mama mkwe alimega tonge, akalishikilia. "Mkwe, Kipusa alikuwa mbwa wa nani?"

"Mbwa gani tena, mama?" mkewe alicheka.

Mtaalamu hakucheka. Alisema ameshiba, na sahani yake ilikuwa haijaguswa.

Kesho yake alipotoka kazini aliifuta folda. Akamwaga na pipa la taka la kompyuta, akazima mashine, akaiwasha. Ndio utaalamu wenyewe huo. Akafungua Risiti za Umeme.

Folda ilikuwepo.

Na nyuma yake, karibu kabisa na sikio, mtu akakohoa. Kikohozi kikavu, cha kujikamua... halafu kimya.

Ndipo akapata wazo aliloliona la akili sana. Alifumba macho, akaponda kibodi kama anayeua mende, herufi na namba na alama ovyo ovyo, akainakili takataka ile mara mbili bila kuitazama, akaifanya neno la siri. Sasa hata yeye hakulijua. Mzee achungulie mpaka achoke. Akaenda kulala anapiga mluzi, mjinga yule.

Ijumaa jioni alikwenda kukodi pikapu ya kuhamishia vitu vya bibi. Aliporudi nyumba ilikuwa giza, isipokuwa mwanga wa samawati ukitoka chumba cha kompyuta. Harufu ya dawa ya kuchua ilimpokea mlangoni.

Mkewe alikuwa ameketi mbele ya kibodi. Mama mkwe alikuwa kando yake, amefumba macho, na sauti iliyomtoka haikuwa yake. Ilikuwa nzito. Ya kiume. Ilikatwakatwa na kikohozi.

"K... tisa... nukta... W kubwa..."

Kikongwe yule hakuwahi kusoma. Hakujua herufi hata moja.

"Polepole, mama," mkewe alinong'ona.

"Andika tu, mwanangu," kikongwe alijibu kwa sauti yake. "Mzee anataja haraka."

Folda ikafunguka. Mzee akaonekana kitandani, akasema maneno yake yote, moja baada ya jingine, mpaka mwisho wa video, kidole gumba cha Mtaalamu kilipoziba jicho la kamera.

Mkewe aligeuka. Alimtazama kama mtu anavyotazama alichokikanyaga.

"Mke wangu, sikiliza... siku hizi watu wanatengeneza video za uongo, mimi ndiye mtaalamu, nakwambia..."

"Nyamaza. Ulitaka kumtoa mama yangu nyumbani kwake?"

Kichwani alikuwa ameshaanza kutafuta ndugu wa kumsingizia. Nyumba imekwenda, basi. Aibu nayo huisha. Alikuwa ameanza hata kuvuta pumzi.

Lakini mama mkwe hakuwa amefumbua macho.

Kikohozi kikarudi.

"Bado anaongea," alisema kikongwe, tena kwa sauti yake mwenyewe, na sauti hiyo ilikuwa inatetemeka. "Anasema ipo folda nyingine. Ya jioni ile ya mwisho, alipoomba maji asipewe."

Mkewe alimtazama mama yake, kisha akamtazama mumewe.

"Maji gani?"

Mtaalamu aliruka, akachomoa waya ukutani.

Skrini haikuzima.

"Andika, mwanangu," kikongwe alinong'ona. "R..."

Herufi ya kwanza ya neno la siri ilikuwa sahihi.