Kicheko Nyuma ya Ukuta

Kila alasiri Kageha alipotoka shuleni, alipanda ngazi za ploti yao, jengo la nyumba za kupanga kule mtaa wa Tassia, huku akipapasa ukuta. Magorofa ya huko yamebanana kiasi kwamba jua haliingii koridoni. Alifungua kufuli, akavua sare, akafua soksi, kisha akaketi kumngoja mama yake, Millicent, aliyefanya kazi katika kiwanda cha sabuni. Zamani hakungoja peke yake. Lakini mdogo wake, Nafula, alikuwa amepelekwa kijijini Vihiga kuishi na nyanya yao, na tangu hapo nyumba ilikuwa kimya mno.

Katika kimya hicho ndipo alipoisikia sauti.

Ilitoka nyumba ya jirani, ile iliyokaa bila mpangaji tangu aliyeishi humo afariki. Ilikuwa sauti nzito, ya kujiburuta, kama ya mtu anayesema akiwa chini ya maji. "Mmm... mbu... mbu..." Ikanyamaza. Ikaanza tena palepale. Kisha ikacheka. Ilicheka peke yake, polepole, na hakuna aliyeijibu. Kageha alishuka ngazi mbio.

Shirleen, rafiki yake wa gorofa ya chini, hakushangaa hata kidogo. "Si yule jamaa alifia mle ndani? Basi hajaenda popote."

Tangu siku hiyo Kageha hakuthubutu kurudi nyumbani mapema. Alizurura kwenye vibanda vya mtaa wa Pipeline hadi giza lilipoanza kuingia. Mama alipomwuliza, alijibu, "Tuna masomo ya ziada."

Alasiri moja mvua kubwa ilimkimbiza nyumbani. Stima ilikuwa imepotea, taa zimezimika, na redio zote za ploti zilikuwa zimenyamaza. Alipofika koridoni, sauti ilikuwa ikisema, na safari hii maneno yalisikika: "Mbu...zi... a...ka...vaa... ko...fia." Kicheko kikafuata. Halafu kishindo. Halafu kimya kirefu, na mwishowe mlio mwembamba: "Ni...sai...di..."

Mama Griffins, jirani wa mlango wa mkabala, alitoka na tochi ya simu. "Asisogee mtu! Nampigia pasta aje aombe!"

Kageha aliuegemea ukuta. Lakini maneno yale yalimrudia akilini. Mbuzi akavaa kofia? Mzimu gani husema hivyo?

"Mama Griffins, huyo ni mtu! Alikuwa anasoma hadithi!"

"Wewe mtoto, rudi nyuma!"

Kageha aliusukuma mlango. Haukuwa umefungwa.

Ndani, katika mwanga wa kijivu wa kidirisha, mzee alikuwa amelala sakafuni. Mdomo wake ulikuwa umepinda upande mmoja, na jicho moja lilimkodolea Kageha bila kupepesa. Mkono wake uliokuwa na nguvu ulikumbatia kitabu cha watoto chenye picha. Kageha alitamani kukimbia. Badala yake alipiga magoti.

"Shikamoo, babu. Umeumia?"

"Ki...ti," mzee alijitahidi kusema. "Ni...me...anguka."

Mama Griffins aliingia akiona haya, wakamwinua pamoja.

Giza lilipoingia alirudi binti wa mzee, Waringa, ambaye huuza nguo mtaani Eastleigh. Alimshukuru Kageha, akaeleza kwamba baba yake, Mzee Gitonga, alipatwa na kiharusi. "Tulihamia hapa mwezi uliopita. Natoka alfajiri, narudi usiku, ndiyo maana hamtujui. Daktari alisema asome kwa sauti ili ulimi upate nguvu. Nilimletea magazeti, akawa analia kwa habari za ajali na vifo. Nikamletea vitabu vya kuchekesha. Sasa anaamka akiwa na hamu ya kusoma."

Mzee alimnyoshea Kageha kitabu. "So...ma."

Kageha akasoma kwa mwanga wa tochi ya simu. Mbuzi wa hadithi ile alienda harusini bila mwaliko, akakalishwa kwenye kiti cha bwana harusi. Mzee akacheka, na Kageha naye akacheka hadi machozi yakamtoka. Hakuwa amecheka hivyo tangu Nafula aondoke.

Millicent alimkuta hapo. Kageha akainamisha kichwa. "Mama, hakukuwa na masomo ya ziada. Niliogopa kukaa nyumbani."

Mama yake akamwinua kidevu. "Ungeniambia siku ya kwanza, mwanangu, tungebisha hodi hapa pamoja. Ulivyonidanganya, ukabaki na hofu yako peke yako."

Tangu hapo Kageha alimsomea mzee kila alasiri, na Jumapili alimsomea Nafula kwa simu ya mama. Maneno ya Mzee Gitonga yalianza kunyooka kidogo kidogo.

"Kageha," alimwambia siku moja, akipumzika kila baada ya neno, "vitabu havijauponya mkono huu. Lakini kila siku vinanipa jambo la kufurahia, na moyo wenye furaha hubeba mzigo wake vizuri. Soma vitabu vya kukupa moyo. Na ukiogopa, mwambie mtu."