Tumbo la Robi na Safari ya Bunda

Nyumbani kwao Robi, pale Nyasho mjini Musoma, akiosha vyombo tu majirani wanasikia nyimbo. Wiki hii kimya. Jumamosi kwaya yao inakwenda kushindana Bunda, na yeye ndiye mwanzilishi wa nyimbo. Lakini alishahesabu kalenda. Jumamosi hedhi yake inaanza, na siku ya kwanza tumbo humkata mpaka anajikunja sakafuni.

"Mama, mimi nitabaki tu."

"Ubaki? Jikaze!" alisema mama yake, Nyangi. "Mimi nilikuwaga nafunga kanga kiunoni, nakaza kabisa, naenda kulima. Dawa ni ya mtu aliyezidiwa."

Jirani yao Petronila, mhudumu wa afya wa mtaa, alikuwa ameingia na bakuli la dagaa. Akacheka.

"Mama Robi wewe! Usubiri kuzidiwa ndipo umeze? Hapo ng'ombe ameshavuka mto, unamkimbiza wa nini?"

Akaketi karibu na Robi. "Sikia, mwanangu. Mfuko wa uzazi unajikaza ili utoe damu, ndiyo maana unauma. Si uvivu. Maumivu yakianza tu, kula kitu, kisha meza ibuprofen kama paketi inavyoelekeza. Una vidonda vya tumbo? Pumu?"

"Sina, mama."

"Vizuri. Mwenye navyo aulize daktari kwanza. Chukua chupa ya maji ya moto, ifunge kitambaa, weka chini ya kitovu. Na usilale siku nzima, tembeatembea."

"Na kanga ya kukaza?" aliuliza Nyangi.

"Mwache mtoto apumue! Ila maumivu yakizidi kila mwezi, dawa isiposaidia, au damu ikiwa nyingi mno, ni hospitali. Hapo hakuna kujikaza."

Jumamosi asubuhi tumbo likaanza. Robi alikunywa uji, akameza dawa, akaweka chupa, kisha akazungukazunguka uani. Maumivu yalikuja, lakini mapole. Akapanda basi la kwaya, na mama yake na Petronila wakaongozana naye.

Kule Bunda, alipoanzisha wimbo, watu walisimama. Nyangi alipiga vigelegele, akakimbia kumtuza kitenge. Aliporudi kwenye benchi akawanong'oneza wenzake, kwa mnong'ono wa kusikika hadi mlangoni:

"Na leo yuko kwenye siku zake!"

Jamani, mama huyu! Robi alicheka katikati ya mstari. Lakini wanawake hawakucheka. Kabla wimbo haujaisha, watano walikuwa wameshahamia benchi la Petronila, kila mmoja na swali lake.