Kipande cha Tatu

Likizo ya Juni, Munira alitoka Kondoa kwenda kukaa na shangazi yake Rukia, Ihumwa, Dodoma. Kila asubuhi alioga, akajipaka mafuta ya alizeti miguuni na mikononi. Upepo wa Dodoma mwezi huo haumwachi mtu salama, na Munira hakutaka kuonekana amepauka kama aliyegaragara kwenye majivu. Kisha alimfuata shangazi kazini, kwenye maabara.

Huko, shangazi alipaka vipande vya chuma madini yanayofanana na ya mifupa yetu. Chuma chenyewe kilikuwa na vitundu vidogo vidogo kama sponji. Mtu aliyevunjika nyonga akiwekewa chuma cha namna hiyo, mfupa wake hukua kwa msaada wa yale madini na kuingia kwenye vile vitundu, ukashikamana nacho.

"Usiguse bila glavu," shangazi alimwonya siku ya kwanza. "Chuma kimeshaoshwa."

"Sawa, shangazi."

Jumatano, shangazi alitoka nje kupokea simu. Vipande sita vilikuwa vimepangwa kwenye trei. Vile vitundu vilimtamanisha Munira. Akachukua kipande cha tatu, akakipapasa kwa kidole, akakirudisha. Mara moja tu! Shangazi aliporudi, akavitumbukiza vyote kwenye maji yenye yale madini. Munira akanyamaza.

Ijumaa vilitolewa. Vitano vilikuwa vyeupe pe. Cha tatu kilikuwa kinabanduka kama rangi kwenye ukuta wenye chumvi.

Dakta Nikolaus, mkuu wa maabara, alikigeuzageuza.

"Pole, Rukia. Miaka miwili sasa unaujaribu mchanganyiko huu wa madini. Mchanganyiko unaobanduka, hata kwenye kipande kimoja, hatuwezi kuuweka kwenye mwili wa mtu. Nadhani tuuache."

Machozi yalikuwa yanamlengalenga shangazi. Munira aliona aibu.

"Shikamoo, Dakta," alisema, ingawa alikwisha kumwamkia asubuhi. "Mchanganyiko hauna kosa. Ni mimi. Nilikishika kile cha tatu bila glavu, na mkono ulikuwa na mafuta."

Shangazi alimkazia macho. "Kwa nini hukusema Jumatano?"

"Niliogopa utanirudisha Kondoa."

"Na leo huogopi?"

"Naogopa."

Dakta Nikolaus alikiweka kile kipande mezani. "Basi tuoshe vipya sita, turudie. Tutaona Jumatatu."

Jumatatu ilipofika, vyote sita vilikuwa vyeupe. Shangazi alivikwaruza kimoja kimoja kwa kisu kidogo, na hakuna kilichobanduka. Munira alifurahi hata akapiga makofi.

Shangazi akamketisha kando yake.

"Kukosea kwako kumetupotezea siku chache tu, mwanangu. Lakini ungeendelea kunyamaza, tungeitupa kazi nzuri tukidhani ni mbaya. Kuna mgonjwa mahali fulani angebaki anachechemea. Asingejua kwa nini, na sisi tusingejua. Ungejua wewe peke yako. Siku nyingine ukikosea, sema siku hiyo hiyo."