Mtindi Baridi kwa Bibi

Fundi cherehani alikuwa barazani akishona sare za shule. Mikono ilikuwa kwenye kitambaa, lakini mawazo yalikuwa chumbani. Humo alilala mama mkwe wake, ameupa uji mgongo.

Bibi huyu alikuwa mcheshi sana. Kisha homa ikamlaza. Homa ilipotoka, hamu ya kula haikurudi. Uji ulirudi jikoni kama ulivyokwenda. Mchuzi nao hivyo hivyo. Nguo zikaanza kumpwaya.

"Mama, jitahidi kidogo tu," fundi alimbembeleza.

"Mwanangu, kila kitu kinaniunguza."

Jioni jirani yao, muuguzi wa zahanati, alikuja kuchukua gauni lake. Fundi akamweleza huku machozi yakimlengalenga. Muuguzi akaingia chumbani na kuwasha tochi ya simu.

"Shikamoo, bibi. Naomba ufungue mdomo."

"Marahaba. Usitafute meno tu, yalishahama."

Muuguzi akatabasamu, akaangalia kwa makini. "Ana vidonda mdomoni," alimwambia fundi. "Vitu vya moto vinamchoma. Kesho mlete zahanati apate dawa. Na umpe vitu laini na baridi. Mgandishie mtindi na matunda."

Fundi hakungoja maelezo zaidi. Alimimina mtindi mwepesi kwenye bakuli, akatupia vipande vya nanasi, akaliingiza kwenye friza bila kulifunika. Pembeni kulikuwa na samaki.

Kesho yake, walipotoka zahanati, alilitoa bakuli. Mtindi ulikuwa mgumu kama jiwe. Alikwangua kidogo, akampa bibi. Bibi alionja, akakunja uso.

"Mwanangu," alisema taratibu, "huyu ng'ombe alikuwa anaishi ziwani?"

Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Hata hivyo, bibi hakula.

Muuguzi aliposikia habari hiyo, alicheka pia. Akaja jikoni, akanawa mikono kwa sabuni. Fundi naye akanawa.

"Baridi haiui vijidudu," muuguzi alieleza. "Inavilaza tu. Kwa hiyo usafi kwanza, na chombo kiwe na mfuniko. Mfuniko unazuia na harufu ya samaki."

"Na ule ugumu?"

"Ulikuwa na maji mengi. Chuja mtindi kwa kitambaa safi mpaka uwe mzito. Chukua ule usiotiwa sukari. Utamu tutaupata kwenye ndizi."

"Ndizi hizi zimeanza madoa. Nilitaka kuzitupa."

"Hizo ndizo tamu. Menya, uziponde kwa uma. Ongeza papai bivu. Nanasi na machungwa tuache kwanza, yanachoma vidonda."

Walichanganya vizuri, wakafunika, wakagandisha. Kila ulipoanza kushika, fundi aliukoroga ili usiwe barafu tupu. Kabla ya kumpelekea bibi, aliuacha mezani kidogo ulainike.

Bibi alipokea kijiko cha kwanza akiwa na mashaka. Aliuacha mtindi uyeyuke ulimini. Fundi alisimama mlangoni akimtazama.

"Huu hauogelei," bibi alisema, akachota mwingine.

Alimaliza bakuli. Fundi alirudi barazani akavuta uzi wa cherehani, na hakuliona tundu la sindano kwa machozi ya furaha.

Dawa na mtindi vilisaidiana. Vidonda vilipona, bibi akarudi kwenye uji, kisha wali na maharage. Muuguzi aliwakumbusha kwamba mtindi ni kitafunio tu, haushiki nafasi ya mlo. Wajukuu nao waliupenda, wakasahau barafu za rangi na sukari.

Mchana mmoja fundi alisikia mlango wa friza ukilia.

"Nani huyo jikoni?" aliuliza kutoka barazani.

Kijiko kiligonga bakuli. Kisha sauti ikajibu, mdomo umejaa:

"Ni mgonjwa."