Sahani ya Oyuna

Wali wa mchele wa Madibira ulitoka jikoni ukifuka mvuke, ukafika mezani umepoa. Ruwaida akadhani ni baridi ya Mbeya, ambayo pale mtaani kwao Soweto haimwonei mtu haya, akaweka sahani ya pili mbele ya kiti kitupu.

Sahani hiyo ilikuwa ya Oyuna, Mmongolia aliyesoma naye shahada ya uzamili Uholanzi. Kule wao na wanafunzi wenzao walikuwa na mtindo wao: mwenzao akichelewa kula, wanampakulia na kumwita jina dirishani. Oyuna ndiye alikuwa bingwa wa kuchelewa. Sasa amefariki kwa ajali huko kwao, na wenzake waliotawanyika duniani wamekubaliana kila mmoja ampakulie nyumbani kwake na kumwita, kama kumbukumbu.

Bi Mwanakhamisi, mama yake Ruwaida, hakulipenda jambo hilo hata kidogo. Marehemu anaombewa dua, alisema, haitwi kwenye chakula. Ruwaida akacheka, akafungua dirisha la uani, akaita kwa Kiingereza kama zamani kwamba chakula tayari.

"Nakuja," sauti ikajibu.

Ilikuwa sauti ya Oyuna, na ule mkwaruzo wake wa mafua yasiyoisha. Ruwaida alilia kwa furaha, wala hakuwaza zaidi.

Tangu siku hiyo chakula cha nyumba ile kikakosa ladha. Chumvi ilitiwa, haikuonekana. Harufu ya tope la majaruba ya mpunga ikaweka makazi jikoni, na mchana kweupe kijiko kiligonga sahani ya kiti kitupu, taratibu, kama cha mtu asiye na haraka ya kuondoka. Ruwaida aliendelea kupakua, maana alimkumbuka mno rafiki yake, na kila alipopakua Bi Mwanakhamisi alizidi kukonda, akila na asishibe, mpaka mifupa ya mabega ikachomoza chini ya khanga, mpaka akashindwa kuinuka mkekani, mpaka adhuhuri moja akamshika binti yake mkono na kumnong'oneza, "Mwanangu, huyo mgeni wako ananila mimi."

Ndipo akaitwa Shehe Zubery kutoka Iringa. Alisikiliza kisa chote, akauliza jambo moja tu.

"Huyo rafiki yako, Kiswahili alijifunzia wapi?"

Ruwaida akaikumbuka ile "Nakuja" ya dirishani. Oyuna hakujua Kiswahili hata neno moja.

Shehe akafukiza ubani, akasoma, akaamuru aliyeipakua sahani aitoe mwenyewe. Ruwaida alipoinyanyua ilikuwa nzito kama ndoo iliyojaa maji, na sikioni ile sauti aliyoipenda ikambembeleza, ikamwambia nje kuna baridi, ikamwambia hawajamaliza hata kusalimiana, naye, ingawa alijua siye, moyo ulimuuma kana kwamba anamzika rafiki yake kwa mikono yake, akajikokota hadi uani akaivunja ukutani. Kukawa kimya. Jioni hiyo mama yake akaomba uji, akalalamika chumvi imezidi, na Ruwaida akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Wiki chache baadaye Mateo, mwenzao wa Peru, akatuma ujumbe kwenye kundi lao la WhatsApp. Alikuwa amechelewa kutimiza makubaliano. Sahani kaiweka leo, na Oyuna amemjibu. Alikuwa na furaha isiyo kifani. Sauti ameirekodi, ila hakuelewa inasema nini. Je, kuna anayejua Kimongolia?

Ruwaida akabonyeza. Kijiko kiligonga sahani, taratibu. Kisha ule mkwaruzo.

"Mwambieni Ruwaida asihangaike kupika. Nimepata pa kula. Mama yake akinona, nitarudi."