Kijito cha Chini ya Kiwanda

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Grasiana alichota maji kwenye bomba la kambi. Kambi ilikuwa ndani ya shamba la mkonge, si mbali na mji wa Korogwe. Baba yake, Yordani, alifanya kazi kwenye mtambo wa kutoa singa, yaani nyuzi za mkonge. Mtambo ulipowashwa, maji yaliyooshea mkonge yalitiririka hadi kijitoni yakiwa ya kijani, yenye povu na harufu ya kuoza.

Zamda, rafiki yake wa darasa la sita, hakuwa na bomba. Wakati wa operesheni vijiji, jamaa zake walihamishiwa kwenye kijiji kipya cha ujamaa, chini ya kiwanda, na maji yao yalikuwa ya kijito hicho. Samaki walishakwisha. Watoto walitokwa na upele, na Rehani, mdogo wake Zamda, aliharisha hadi akashindwa kusimama. Wazee walikwenda kiwandani mara nyingi. Kila mara waliambiwa wasubiri.

"Baba anasema watatusikia tukishakwisha," Zamda alisema. Hakuwa hata na hasira.

Siku moja mwalimu aliwaambia kuwa kesho yake Bwana Afya wa wilaya angekuja kukagua kijito. Jioni Yordani alimwita binti yake.

"Kesho mtambo hautawashwa. Maji yatakuwa safi. Ukiulizwa, wewe hujui. Kiwanda kikifungwa tutakula nini?"



Kesho yake Bwana Afya, aliyeitwa Kibwana, alisimama ukingoni pamoja na meneja, wafanyakazi, wanakijiji na wanafunzi. Maji yalikuwa karibu meupe.

"Hawa hawachemshi maji," meneja alisema. "Ndiyo maana wanaugua."

Wazee walitazamana. Walishachoka kusema. Zamda hakuwapo, alibaki nyumbani kumuuguza Rehani.

"Shikamoo, Bwana Afya," Grasiana alisema. "Leo mtambo umezimwa. Ukiwashwa, maji haya ni ya kijani."

Yordani aliinamisha kichwa. Kibwana aliagiza mtambo uwashwe, na baada ya muda povu la kijani likateremka mbele ya macho ya wote.

"Ukinifungia, watu hawa wote watakosa kazi," meneja alisema.

"Sikuja kufunga," Kibwana alijibu. "Sheria inataka uchafu usiingie kijitoni. Chimbeni mashimo makubwa yanayofuatana, maji yapite humo na kutuama, uchafu uzame. Makapi ya mkonge yapelekeni shambani yawe mbolea. Nitakuja mwenyewe kuwaonyesha."

Kazi ya kuchimba ilianza, lakini ilikwenda polepole, kwa kuwa ardhi ilikuwa kavu na ngumu. Nyumbani, Yordani hakusema na binti yake. Kabla shimo la kwanza halijakwisha, Rehani alifariki dunia.

Yordani alikwenda mazikoni. Alisimama nyuma ya watu, na aliporudi hakula. Tangu siku hiyo, kila alipotoka kazini alichukua jembe akaenda kuchimba, hata wenzake walipokwisha kupumzika.

Mvua za masika zilipokwisha, maji yaliyotoka shimo la mwisho hayakuwa na povu wala harufu. Watoto wa kijiji waliacha kuharisha. Samaki hawakurudi. Zamda alichota maji, na Grasiana akamshikia ndoo.

Yordani aliwakuta wasichana hao ukingoni.

"Shikamoo, mzee," Zamda alisema.

"Marahaba, mwanangu." Aliyatazama maji. "Nilijua maji haya yalivyokuwa. Niliogopa kusema, nisije nikapoteza kazi. Sasa ukweli umesemwa na kazi ningali ninayo. Mdogo wako ndiye hayupo. Wanangu, ukweli msiucheleweshe kwa hofu ya njaa. Mkiuchelewesha, atakayeumia ni mtoto wa mwenzenu."