Barafu ya Buluu

Kila alasiri Kifaranga alimsaidia mama yake, mtia rangi vitambaa, kuosha masufuria uani. Siku moja alifuatana na Chiriku, rafiki yake wa dawati moja. Walimkuta mama akikoroga rangi bila kupumzika, kitambaa kisije kikashika mabaka.

"Nikuonyeshe kitu. Usimwambie mtu," Kifaranga alinong'ona.

Alijaza maji ya uvuguvugu kwenye bakuli refu la kioo, kisha upande mmoja akatia kipande cha barafu aliyoigandisha kwa rangi ya buluu. Uzi wa buluu ulizama taratibu, ukatambaa chini hadi upande wa pili.

"Ndivyo bahari inavyotembea. Maji baridi ni mazito, yanashuka. Ya uvuguvugu yanapita juu kujaza nafasi."

"Mwenzangu! Kesho mwalimu atakuchagua tu uende kwenye maonyesho ya sayansi!" Chiriku alisema.

Kesho yake, mwalimu alipouliza nani aanze kuonyesha jaribio lake, Chiriku aliruka mbele akiwa na bakuli la kioo na barafu ya buluu.

"Wazo hili nimelibuni mwenyewe," alisema.

Kifaranga alimtazama rafiki yake, lakini Chiriku alikwepesha macho.

Uzi wa buluu ulianza kushuka. Chiriku, aliyeona unachelewa, alichukua kijiko akakoroga kwa nguvu. Bakuli zima likawa buluu.

"Bahari gani hiyo? Ya kuloweka soksi!" mvulana mmoja alidakia. Darasa likaangua kicheko.

"Kwa nini umekoroga?" mwalimu aliuliza.

"Ili... maji yatembee, mwalimu."

Kifaranga alikuwa ametamani Chiriku aumbuke. Sasa ameumbuka, na moyo bado ulimuuma. Alisimama.

"Hayakorogwi, mwalimu. Maji baridi hushuka yenyewe. Mama hukoroga rangi ya nguo, siyo bahari."

"Mama yupi?" mwalimu aliuliza.

Chiriku alibubujikwa na machozi. "Mama yake, mwalimu. Wazo ni la Kifaranga. Nimemwibia."

Mwalimu aliagiza maji mengine ya uvuguvugu. Kifaranga alitia barafu iliyobaki, akarudisha mikono nyuma. Uzi wa buluu ulishuka, ukavuka chini polepole, na hakuna aliyecheka.

"Wewe ndiye utakayetuwakilisha," mwalimu alisema.

Wenzao walipotoka, Chiriku alisogea. "Nisamehe, Kifaranga."

"Nimekusamehe. Lakini siri zangu, kwa sasa nitakaa nazo."

Chiriku alimgeukia mwalimu kama anayeomba atetewe.

"Ana haki," mwalimu alisema kwa upole. "Wazo la mtu ni jasho lake, na siri ya rafiki ni amana. Msamaha umeupata leo, ila kuaminiwa hujengwa kidogo kidogo. Haya, anza: mbebee bakuli, na usimwage maji."